Tumbo la mbwa linapovurugika: huduma ya nyumbani na wakati wa kumwita daktari

Mbwa wengi wa Kampala hulala nje na hufanya kazi usiku. Hulinda nyumba za Ntinda, Muyenga, Bunga na Najjera, huzunguka ua hadi alfajiri, na kutwa mara moja au mbili hupewa bakuli la posho lililochanganywa na mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Kwa sababu hiyo, mtu wa kwanza kugundua kwamba mbwa anaugua mara nyingi si mwenye nyumba, bali ni yule anayeosha bakuli: mlinzi, msaidizi wa nyumbani, au mtoto aliyetumwa kupeleka chakula. Hukuta chakula cha jana hakikuguswa, matapishi karibu na banda, au kinyesi cha majimaji penye nyasi.

Hatua zinazochukuliwa katika saa chache baada ya hapo zina uzito mkubwa. Tumbo la mbwa mzima mwenye afya njema aghalabu hutulia lenyewe ndani ya siku moja hadi tatu, iwapo atapata maji, mapumziko na chakula chepesi. Lakini dalili hizo hizo, zikimpata mtoto wa mbwa asiyechanjwa au mbwa aliyekula sumu, zinaweza kumuua kabla siku haijaisha. Jambo la msingi kwa kila anayefuga mbwa ni kujua kutenganisha hali hizo mbili, na kutomwongezea mnyama madhara kwa dawa alizopewa kwa nia njema.

Kutapika na kuhara ni dalili, si ugonjwa

Mbwa ni mnyama anayekula kwa pupa na anayeokota chochote. Maumbile yamempa wepesi wa kutapika kile ambacho tumbo lake limekikataa, na ndiyo maana mbwa aliyetapika mara moja, kisha akaendelea kuchangamka, kunywa maji na kutikisa mkia, si lazima awe mgonjwa. Hata kula majani na kuyatapika si jambo la ajabu kwake.

Mashaka huanza pale kutapika kunaporudia mara kadhaa kwa siku, kuhara kunapopita siku mbili, au mbwa anapobadilika tabia: hainuki mgeni akibisha hodi, hatazami bakuli, anajikunja na kuficha tumbo. Hapo inafaa kujiuliza kilichobadilika. Je, alipewa unga mpya? Je, kulikuwa na sherehe nyumbani jana? Je, lango liliachwa wazi akatoka kwenda jalalani? Je, amechanjwa? Majibu ya maswali hayo humsaidia daktari kama vile kipimo cha maabara kinavyomsaidia.

Chanzo cha kwanza ni bakuli lenyewe

Chakula cha mbwa wa Kampala kwa kawaida hupikwa nyumbani, na si vibaya kikipikwa kwa vitu safi. Tatizo ni mazoea ya kumpa mbwa kile ambacho binadamu amekikataa.

Unga wa mahindi uliovunda ni mfano mmoja. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Sumu hii ilianza kufahamika kwa wanasayansi baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula kilichochafuka. Afrika Mashariki inaijua vyema: mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya, na Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi. Nchini Marekani, chakula cha mbwa cha viwandani kilichokuwa na sumukuvu kimewahi kuua makumi ya mbwa kabla ya kuondolewa sokoni. Sumu hii huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Unga wenye uchungu, harufu ya uvundo au madoa ya ukungu haufai kwa mtu, na kwa hiyo haufai kwa mbwa. Pumba za mahindi, ambazo wengi hununua kwa kuwa ni rahisi, nazo huhitaji kukaguliwa vivyo hivyo.

Mukene nao wana kasoro yao. Wale wanaouzwa kwa bei nafuu kama chakula cha mifugo mara nyingi huanikwa juu ya mchanga mtupu wa ufukweni, na mchanga huo huingia katika gunia. Mchanga mwingi hukwaruza utumbo na unaweza kujikusanya humo. Dawa yake si ngumu: mukene waoshwe kwa maji mengi mara kadhaa kabla ya kupikwa, na wale waliolowa wakaanza kunuka vibaya watupwe.

Mifupa iliyopikwa ni hatari nyingine. Mfupa wa kuku au wa mbuzi uliopita motoni huvunjika vipande vyenye ncha, vinavyoweza kukwama kooni, kutoboa utumbo au kuziba njia ya haja. Mafuta mengi pia hudhuru. Baada ya sherehe, mbwa anayepewa mabaki ya nyama choma, ngozi ya kuku au mafuta ya nguruwe anaweza kupata uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali ya tumbo na kutapika kusikokoma. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vilivyo katika karibu kila mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu, na peremende zenye kiungo cha utamu kiitwacho zailito ni sumu kwake.

Matumbo, mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni yana madhara ya aina mbili. Yanaweza kubeba bakteria wa kuharisha, na pia vifuko vya tegu ambao mbwa huwaeneza kwa watu kupitia kinyesi chake. Ugonjwa huo wa vifuko kwa binadamu umejulikana kwa miaka mingi Karamoja na Turkana, ambako watu, mbwa na mifugo huishi pamoja. Matumbo yapikwe hadi yaive kabisa, na ogani yenye malengelenge ya maji ichomwe au izikwe kwa kina.

Minyoo, virusi na kupe

Kwa watoto wa mbwa, minyoo ni sababu kuu ya tumbo kujaa na kuharisha. Minyoo ya mchango hupita kutoka kwa mama hata kabla watoto hawajazaliwa, na minyoo ya safura hunyonya damu kiasi cha kuufanya ufizi uwe mweupe. Utaratibu unaopendekezwa ni kuwapa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2 tangu kuzaliwa, kurudia kila wiki mbili hadi wafikie miezi miwili au mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mbwa mzima anayeishi uani na kuokota vitu hufaa kupewa dawa hiyo kila miezi mitatu.

Ugonjwa unaotisha zaidi ni ule wa virusi vya parvo. Haukuwapo katika vitabu vya zamani: ulijitokeza mwaka 1978 na kuenea duniani ndani ya miaka miwili hivi. Huwapata hasa watoto wa mbwa wenye umri wa kati ya wiki 6 na miezi 6. Kwanza mtoto huacha kula na kupoa, kisha hutapika, kisha huhara majimaji yenye damu na harufu kali isiyosahaulika. Virusi hivyo huharibu utando wa utumbo na kupunguza chembe nyeupe za kinga, ndiyo maana wengi wasiotibiwa hufa, ilhali wengi wanaofikishwa kwa daktari mapema hupona. Jamii za mbwa wanaopendwa kwa ulinzi mjini Kampala, kama vile Rottweiler na German Shepherd, ziko katika hatari kubwa kuliko nyingine.

Magonjwa yanayoenezwa na kupe hayaanzi tumboni, lakini mara nyingi huonekana kama shida ya tumbo: mbwa hatapiki sana wala hahari sana, ila amekataa chakula, ana homa, ufizi umepauka, na mkojo wake pengine umekuwa wa rangi ya chai. Mbwa wa namna hii hahitaji wali laini. Anahitaji kupimwa damu.

Kumchunguza mbwa kabla ya kufanya lolote

Uchunguzi wa dakika tano huweza kufanywa na mtu yeyote ambaye mbwa amemzoea. Kwanza hutazamwa mwendo na macho yake. Kisha mdomo huinuliwa pembeni kwa upole ili kuona ufizi, ambao kwa mbwa mzima wa afya ni wa rangi ya waridi na una unyevu. Ukibonyezwa kwa kidole hubadilika kuwa mweupe, na rangi hurudi kabla ya sekunde 2 kupita. Kwa mbwa mwenye ufizi mweusi, upande wa ndani wa kope la chini hutazamwa badala yake. Mwisho, ngozi ya juu ya mabega huvutwa na kuachiwa: ikirudi mahali pake mara moja, maji mwilini yanatosha, ikibaki imesimama kama hema, yamepungua.

Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta kidogo na kuingizwa kwa uangalifu katika njia ya haja kubwa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za selsiasi. Nyuzi 38.5, ambazo kwa mtu ni homa, kwa mbwa ni hali ya kawaida.

Uchunguzi huu haufai kufanywa kwa mbwa asiyejulikana, wala kwa yule ambaye tabia yake imegeuka ghafla, kwa sababu itakayoelezwa chini.

Maji kwanza

Mbwa anayeharisha huuawa mara nyingi na ukosefu wa maji na chumvi za mwili kuliko na kile kilichomharisha. Dalili za upungufu huanza kuonekana mbwa akipoteza takriban asilimia 5 ya uzito wake kwa maji. Kwa mbwa wa kilo 20, hiyo ni lita 1. Kwa mtoto wa mbwa wa kilo 2, ni mililita 100, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtoto hawezi kusubiri hadi kesho.

Mbwa anayetapika hapewi bakuli lililojaa, kwa kuwa atalimaliza kwa kiu na kulirudisha lote. Apewe maji kidogo kidogo: vijiko vichache kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kiasi kiongezwe maji yakikaa tumboni. Maji yawe yaleyale ambayo familia inakunywa, yaliyochemshwa na kupozwa. Dawa ya maji na chumvi inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya watoto wanaoharisha inaweza kutumika, pakiti 1 katika lita 1 ya maji kama ilivyoandikwa, mradi isiwe ile iliyotiwa utamu wa bandia. Mchanganyiko huo hutupwa baada ya saa 24.

Mbwa akikataa kunywa, asimwagiwe maji kooni kwa nguvu. Maji yakipita njia ya pumzi huingia mapafuni na kuleta ugonjwa wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Mbwa anayetapika hata vijiko hivyo vichache mara mbili mfululizo anahitaji maji ya kupitia mshipani, na hayo hutolewa na daktari tu.

Chakula chepesi, kwa siku chache

Mbwa mzima anayetapika anaweza kupumzishwa tumbo kwa saa 12 hivi, akiendelea kupewa maji. Yule anayeharisha bila kutapika hahitaji kunyimwa chakula. Apewe kidogo mapema, kwa kuwa utando wa utumbo hupona vizuri ukiwa na chakula. Watoto wa mbwa hawafungishwi kamwe. Sukari katika damu yao hushuka haraka, na mtoto aliyekaa na njaa usiku kucha anaweza kukutwa asubuhi akitetemeka au amezimia.

Chakula kinachofaa hupatikana katika jiko lolote la Kampala: wali uliopikwa hadi ukalainika, pamoja na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mfupa, au nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, vikiwa vimechemshwa bila chumvi, kitunguu, viungo vya mchuzi wala mafuta. Kipimo cha kawaida ni sehemu 2 za wali kwa sehemu 1 ya nyama. Boga lililochemshwa na kupondwa, kijiko kimoja au viwili, husaidia kinyesi kushikana. Chakula cha siku kigawanywe katika milo midogo 4 hadi 6. Maziwa ya ng'ombe yaepukwe, kwani mbwa wengi wazima hawawezi kuyameng'enya, na huzidisha kuhara.

Kinyesi kikishashikana kwa siku mbili, chakula cha kawaida hurejeshwa taratibu kwa siku tatu au nne: robo, kisha nusu, kisha robo tatu. Mbwa anayerudishiwa bakuli zima la posho siku ya kwanza aliyopata nafuu huweza kuanza upya.

Dawa za nyumbani ambazo hazifai

Katika nyumba nyingi, mkono hukimbilia vidonge vilivyobaki katika kabati. Hapa ndipo wapenda mbwa wanapowadhuru bila kujua.

Dawa za maumivu za binadamu ni hatari. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa vidonda tumboni mwa mbwa na kuharibu figo zake, na hatari huongezeka akiwa ameishiwa maji. Parasetamoli huweza kuharibu ini na damu. Dawa za kufunga choo humfungia mbwa ndani ya tumbo kile ambacho mwili unajaribu kukitoa, na kwa baadhi ya jamii za mbwa huathiri ubongo. Metronidazoli, inayofahamika zaidi kama Flagyl, pamoja na antibiotiki nyingine, hutolewa kwa mazoea ingawa kuhara kwingi kwa mbwa hupona bila hizo. Zikitumiwa ovyo huua bakteria wazuri wa utumbo na kuchangia usugu wa dawa, ambao mwishowe humrudia binadamu.

Dawa za ng'ombe nazo zina kisa chao. Mbwa huogeshwa kwa dawa ya kupe iliyokusudiwa mifugo, tena bila kipimo, kisha hujilamba manyoya. Saa chache baadaye hutapika, huyumba na kulegea, na wenyeji hudhani amekula kitu kibaya. Vivyo hivyo, sindano ya ivermectini iliyopimwa kwa ng'ombe inaweza kumwangusha mbwa. Maduka ya dawa za mifugo, kama yale ya Container Village, huuza bidhaa zinazofaa mbwa pia. Ni muhimu kumweleza muuzaji kwamba mgonjwa ni mbwa, uzito wake na umri wake, na kukumbuka kwamba muuzaji si lazima awe daktari.

Sumu iliyorushwa ukutani

Wezi wanaotaka kuingia katika nyumba wakati mwingine hutanguliza kipande cha nyama chenye sumu. Sumu inayotumika huwa mara nyingi dawa ya kuua wadudu wa mashambani. Dalili zake huja kwa kasi, kuanzia dakika chache hadi saa chache: mate kutiririka, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka na pumzi kuwa nzito. Tofauti yake na tumbo la kawaida ni mtetemeko huo pamoja na ghafla yake. Mbwa alikuwa mzima saa tatu usiku, na saa nne yuko chini.

Katika hali hiyo, maziwa, mayai mabichi, mafuta ya kupikia na maji ya chumvi havisaidii. Mafuta huweza kuharakisha kufyonzwa kwa baadhi ya sumu, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Asitapishwe bila ushauri wa daktari, hasa akiwa amelegea au anatetemeka. Linalofaa ni kumpigia daktari simu papo hapo na kuondoka naye, huku mabaki ya nyama, matapishi au pakiti iliyokutwa vikichukuliwa kwa mfuko wa plastiki, si kwa mikono mitupu. Kwa sumu za aina hii ipo dawa inayozipinga, na hutolewa kwa sindano. Inategemea kufika mapema. Nyumba ambayo mbwa wake amelishwa sumu inafaa pia kuongeza ulinzi usiku huo huo.

Sumu ya panya ni tofauti. Nyingi huzuia damu kuganda, na mbwa huonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kutoka damu puani, katika kinyesi au chini ya ngozi. Aliyeonekana akiila apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anachezacheza.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Mbwa apelekwe kwa daktari bila kuchelewa ikiwa ana mojawapo ya haya:

- ni mtoto wa chini ya miezi 6, hasa asiyechanjwa, na anatapika au kuhara;
- damu inaonekana katika matapishi au kinyesi, au kinyesi ni cheusi kama lami;
- anatapika mara kwa mara na hawezi kuhifadhi hata maji;
- ufizi wake ni mweupe, wa buluu au mkavu, au ngozi inayovutwa hairudi;
- tumbo limevimba na kuwa gumu, naye anajikakamua kutapika bila kutoa kitu, hali ambayo kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu huua kwa saa chache kwa sababu tumbo limejisokota;
- anatetemeka, anayumba au amezimia;
- joto limezidi nyuzi 39.5 au limeshuka chini ya 37.5;
- kuhara kumepita siku mbili, hata kama mengine ni ya kawaida;
- ni mzee, ana mimba, ananyonyesha, au ana ugonjwa mwingine.

Mate yanapotiririka: tahadhari ya kichaa cha mbwa

Mbwa anayetokwa mate, asiyeweza kumeza na ambaye taya lake limelegea, hudhaniwa mara nyingi kuwa amekwamwa na mfupa. Mwenye mbwa huingiza mkono kooni kuutafuta. Huenda hakuna mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho hulemaza koo na taya. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa.

Kwa hiyo mbwa ambaye hajachanjwa, na ambaye amebadilika tabia, sauti au namna ya kumeza, asiguswe mdomo. Afungiwe mahali pasipo na watoto, na daktari wa mifugo aitwe. Mtu aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyeingiwa na mate katika kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Safari ya kwa daktari

Chuo Kikuu cha Makerere kina kitivo cha tiba ya mifugo chenye kliniki ya wanyama wadogo, na kliniki za binafsi zipo katika sehemu nyingi za jiji. Daktari wa kweli husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda, na si utovu wa adabu kumuuliza.

Vinavyofaa kubebwa ni kadi ya chanjo, kinyesi kidogo katika chombo safi chenye kifuniko, picha ya matapishi iliyopigwa kwa simu, na pakiti ya kitu chochote ambacho mbwa anadhaniwa kula. Aliyempa chakula mara ya mwisho aende naye, au awe tayari kuzungumza kwa simu. Dawa yoyote aliyokwisha kupewa itajwe bila haya, kwa sababu daktari asiyejua anaweza kuongeza nyingine isiyopatana nayo. Mbwa anayetapika hafungwi mdomo kwa kamba njiani, kwani matapishi yatamzibia pumzi. Alazwe ubavu juu ya gunia au taulo, na dirisha la gari liachwe wazi kidogo.

Usafi wa nyumba na usalama wa watoto

Baadhi ya vinavyomharisha mbwa humharisha mtu pia. Kinyesi kizolewe mara moja kwa mfuko au jembe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Watoto wasicheze pekupeku mahali mbwa anapojisaidia, maana viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu. Bakuli la mbwa lisioshwe pamoja na vyombo vya familia.

Palipokuwa na mbwa mwenye parvo, sabuni pekee haitoshi. Uchafu uondolewe kwanza, kisha sakafu imwagiwe dawa ya klorini ya kufulia, kama JIK, sehemu 1 kwa sehemu 20 za maji, na iachwe dakika 10. Virusi hivyo hudumu udongoni kwa miezi mingi, pengine hadi mwaka. Mtoto mpya wa mbwa asiletwe katika ua huo kabla hajakamilisha chanjo.

Kinga

Chanjo ya mtoto wa mbwa dhidi ya parvo na magonjwa mengine huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho hutolewa akifikisha wiki 16 au zaidi. Wengi huishia dozi ya kwanza wakidhani kazi imekwisha. Kinga aliyopewa na mama kwa maziwa ya mwanzo huweza kuizima dozi hiyo, na mtoto akabaki wazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kama kadi inavyoelekeza. Gharama ya chanjo zote hizo ni ndogo ikilinganishwa na siku kadhaa za dripu.

Mengine ni ya kila siku: unga safi, mukene waliooshwa, pipa la taka lenye kifuniko kizito, na mabaki ya sherehe kuwekwa mbali. Katika miezi ya mvua, madimbwi na mifereji inapofurika, mbwa awe na maji safi muda wote ili asinywe ya mtaroni.

La mwisho halina gharama yoyote. Nambari ya simu ya daktari wa mifugo iandikwe na kubandikwa ndani ya kibanda cha mlinzi au karibu na mlango wa jiko, pamoja na orodha ya dalili za hatari. Atakayeikuta shida saa kumi za usiku ni mmoja wa watu hao, na hapaswi kungoja mwenye nyumba aamke ndipo ajue la kufanya.